Kwa Bi Prufu: "Nice" Lilikuwa Tusi

Mwezi uliopita niliandika, kwa mstari mmoja wa kupita tu, kwamba neno la Kiingereza "nice" liliingia katika lugha ile likiwa na maana ya mpumbavu. Nilidhani nachekesha, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zilizokuja zimejaa kikapu, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: neno likitumika visivyo, nani mwenye haki ya kusema ni kosa? Nimechagua chache. Nimesoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, kwa miaka 31, kwa hiyo mnivumilie nikijibu na kalamu nyekundu mkononi.

Shikamoo Bi Prufu. Nilimwandikia mchumba wangu kadi kwa Kiingereza, nikamwambia yeye ni "nice". Kaka yake amesoma safu yako, na sasa kila tukikutana ananitania kwamba nimemwita dada yake mjinga. Nijitetee vipi?
Mchumba Mashakani

Marahaba, mwanangu. Mwambie shemeji yako amefungua kesi iliyopitwa na wakati karne kadhaa sasa.

Mzizi wa neno hilo ni "nescius" ya Kilatini, yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, likatua Uingereza mnamo 1300, na huko mtu "nice" alikuwa mjinga wa kuchekwa. Halafu likaanza kutangatanga. Likawa mwenye haya, likawa mchaguzi asiyeridhika upesi, likawa mtu makini anayeona tofauti ndogondogo ambazo wenzake hawazioni. Maana ya kupendeza, ile uliyoikusudia kwenye kadi, ilishika mizizi katika karne ya 18. Ile ya umakini nayo haijafa kabisa: mwanasheria akiandika "a nice distinction", hasifii uzuri wa tofauti hiyo, anasema ni nyembamba kama unywele.

Lipo neno jingine lililotembea njia hiyohiyo kinyumenyume. Hilo ni "silly". Katika Kiingereza cha kale mzazi wake alikuwa na maana ya aliyebarikiwa, mwenye heri. Kisha likawa mtu asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, kisha dhaifu, na leo ni mpuuzi. Binamu yake wa Kijerumani, "selig", bado yuko mbinguni.

Kwa hiyo hukukosea maana. Lawama yangu ni nyingine: neno lenyewe limechoka. Jane Austen aliliona hilo mapema. Katika riwaya yake iliyotoka mwishoni mwa 1817, kijana mmoja anamcheka msichana kwa kuliita kila kitu "nice", kuanzia kitabu hadi matembezi. Chukua kadi nyingine, umwambie mchumba wako ni jambo gani hasa analolifanya hata ukalala ukitabasamu. Shemeji hatakuwa na la kusema.

Bibi, shikamoo. Niliandika katika insha ya Kiingereza kwamba ugonjwa "decimated" kundi la ndege: tisa katika kila kumi walikufa. Mwalimu akalikata neno, akasema maana yake ni kuua mmoja katika kumi, basi. Nimepoteza alama mbili. Nani mkweli?
Mwanafunzi Mwenye Hasira

Marahaba. Punguza hasira, kwa sababu mwalimu wako hajatunga. Katika jeshi la Roma, kikosi kilichokimbia vita au kuasi kiliweza kupewa adhabu hiyo: askari wanagawanywa kumikumi, wanapiga kura, na anayeangukiwa na kura anapigwa hadi kufa na wenzake tisa. Adhabu ilikuwa imesahaulika mpaka jemadari Crassus alipoifufua mwaka 71 kabla ya Kristo, katika vita dhidi ya Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi. Jina lake linatokana na "decem", kumi.

Sasa jiulize: nje ya kambi ya Crassus, ni lini mtu amehitaji kitenzi maalumu cha kuangamiza sehemu moja ya kumi barabara? Hakuna anayekihitaji. Ndiyo maana tangu karne ya 17 Waingereza wamelitumia neno hilo kwa maangamizi makubwa ya namna yoyote, na kamusi zote zinazoheshimika zinaikubali maana hiyo.

Kama asili ndiyo sheria, basi mwalimu aanze na Desemba, ambayo nayo imetoka katika "decem" hiyohiyo. Ilikuwa mwezi wa kumi katika kalenda ya kale ya Kirumi. Leo ni ya kumi na mbili, na mwalimu anafunga shule Desemba bila kunung'unika. Muulize, lakini kwa adabu, na usimwambie nimekutuma.

Mimi ningekurudishia alama zako. Hata hivyo ningekunong'oneza kitu. Umelitaja neno lenye kumi tumboni mwake, na palepale ukaweka hesabu ya tisa kwa kumi. Hapo umemwamsha mzimu. Msomaji anayejua habari za Roma atajikwaa hata kama ana moyo mwema. Ukitaka kutaja hesabu, tumia kitenzi kingine; ukitumia "decimated", achana na hesabu.

Bi Prufu, mimi ni katibu wa kamati yenye wajumbe Waingereza na Wamarekani, na tunakutana kwa mtandao. Niliandika katika ajenda kwamba hoja ya bajeti "will be tabled". Nusu ya wajumbe walikuja na makabrasha, nusu walikuja mikono mitupu wakishangaa kwa nini tunaijadili. Nimeonekana mzembe. Kosa langu ni lipi?
Katibu Aliyeaibika

Pole sana, Katibu. Barua nyingine nimezisoma nikicheka, yako sikuicheka, kwa sababu hili ndilo kosa ambalo hata mjuzi huliangukia.

Uingereza, "to table" hoja ni kuileta mezani ijadiliwe. Marekani, ni kuiweka kando isijadiliwe, pengine hadi isahaulike. Neno moja, meza ileile, maana zinatazamana kwa ncha. Na uko katika kundi la watu wakubwa: Winston Churchill, katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia, anasimulia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka fulani ujadiliwe haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani kwamba wanataka "to table it". Kwa Wamarekani, hiyo ilikuwa kuutia waraka kwenye droo na kuusahau. Wakabishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Maneno ya aina hii nayaita maneno yaliyo kivukoni. Yameacha ng'ambo moja na hayajafika ya pili, na anayeyapanda hajui atashukia wapi. Rubani wa Marekani akisema ndege itatua "momentarily" anakusudia baada ya muda mfupi. Abiria aliyezoea Kiingereza cha Uingereza anasikia kwamba itatua kwa muda mfupi, na ana haki ya kujiuliza kama atawahi kuteremsha mzigo kabla haijapaa tena. "Nonplussed" nalo limo majini. Limetoka katika Kilatini, "non plus", hakuna zaidi, yaani mtu amekwama, hajui aseme nini. Lakini Wamarekani wengi siku hizi wanalitumia kwa mtu asiyetikisika. Ukisoma kwamba waziri alikuwa "nonplussed", huwezi kujua alibabaika au alitulia tuli.

Siyaiti maneno haya makosa. Mimi huyakwepa tu. Kwenye ajenda yako andika kwamba hoja itajadiliwa leo, au kwamba imeahirishwa. Maneno marefu kidogo, lakini yana gati pande zote mbili.

Shikamoo Bi Prufu. Dada yangu anasema "I literally died" kila akicheka. Namwambia kama ulikufa, nani anazungumza? Tumeweka dau. Tuamulie.
Mdogo Mtu

Marahaba. Umeshindwa dau, ila si kwa mabao mengi.

Dada yako ana wazee nyuma yake. Frances Brooke alilitumia "literally", yaani kihalisi, kwa jambo lisilo halisi katika riwaya ya 1769. Mark Twain, mwaka 1876, alimfanya Tom Sawyer, mvulana wa riwaya yake, awe "literally rolling in wealth", yaani akigaagaa kihalisi katika utajiri, na mtoto huyo hakugaagaa juu ya noti. Alikuwa na gololi na takataka za kitoto alizowalaghai wenzake. Mwaka 1909 Ambrose Bierce alichapisha kitabu kizima cha kukemea matumizi mabaya ya maneno, na hili limo. Likaendelea kama halikusikia. Kamusi ya Oxford ilipoiweka rasmi maana hiyo mwaka 2011, hakugutuka mtu; makelele yakaja 2013 watu walipoiona.

Halafu tujitazame sisi wenyewe. "Haki ya Mungu nilikufa kwa kicheko." Umewahi kumwona mtu akiitisha jeneza kwa kusikia hivyo? Maneno yote ya kuapia ukweli huishia kuwa ya kutilia mkazo. "Very" ya Kiingereza ilianza kama neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya kweli. Nasi tunasema embe hili tamu kweli, bila kudhani kuna aliyetushuku kwa uongo. "Literally" iko njiani kuelekea hukohuko.

Ninachokupa wewe ni hiki: katika habari ya gazeti, ripoti ya daktari au ushahidi wa mahakamani, dada yako aliache. Mtu akiandika kwamba mshtakiwa "literally" alimrarua mwenzake, polisi watataka kujua.

Dada Prufu, salaam. Mimi ni mzee wa kanisa, nina miaka 74. Napenda kusoma Biblia ya Kiingereza ile ya Mfalme James. Lakini nakwama. Katika Mwanzo, Mungu anawapa watu miche na matunda yawe "meat". Nyama inatoka wapi tena? Na Paulo anawaambia Wathesalonike kwamba walio hai hawata-"prevent" waliolala. Kuwazuia wasifanye nini?
Mzee wa Kanisa

Salaam, kaka yangu. Barua yako ndiyo iliyonipa raha kuliko zote, kwa sababu dawa unayo nyumbani. Fungua Biblia ya Kiswahili kando ya hiyo ya Kiingereza.

Biblia ya Mfalme James ilitoka 1611. Wakati huo "meat" lilikuwa bado neno la chakula cha aina yoyote. Baadaye likapungua, likabaki na nyama peke yake. Ndivyo ilivyo katika Mwanzo 1:29, na watafsiri wetu wakaandika sawasawa, "chakula chenu". Peremende hadi leo Waingereza wanaweza kuziita "sweetmeats", na hazina hata kipande cha nyama. Neno "deer" nalo lilipungua vivyo hivyo: zamani lilikuwa mnyama yeyote wa mwitu, leo ni yule mwenye pembe za matawi tu.

"Prevent" limetoka katika Kilatini, kuja mbele. Mwaka 1611 lilikuwa na maana ya kutangulia, ndiyo maana Kiswahili chetu katika 1 Wathesalonike 4:15 kinasema "hatutawatangulia". Anayekutangulia anaweza kukuzibia njia, na maana ikasogea huko mpaka ikabaki kuzuia tu. Katika Zaburi ya 119 utamkuta mtunzi amei-"prevent" alfajiri. Usiogope, hakulizuia jua lisichomoze. Aliamka mapema.

Nikupe la kuwatega vijana wa kwaya. Katika 2 Wathesalonike 2:7 limo neno "let", na humo lina maana ya kuzuia. Ndiyo, lilelile ambalo leo ni kuruhusu. Yalikuwa maneno mawili yenye asili tofauti, yakafanana sauti, na lile la kuzuia likashindwa maisha. Limesalia kwenye tenisi, ambako mpira ulioguswa na wavu wakati wa kuanzisha huitwa "let", na katika lugha ya wanasheria. Biblia ya Kiswahili haina mtego huo, inasema "azuiaye".

Bibi, nimeona lori la mafuta limeandikwa "INFLAMMABLE". Si ndiyo kusema haliwaki?
Dereva

Linawaka, tena sana. Kaa mbali. Hiyo "in" si ya kukanusha, ni ya kutia moto ndani, kutoka Kilatini "inflammare". Watu wa usalama waliona hatari ya mkanganyiko huo, ndiyo maana katika karne ya 20 walihimiza "flammable". Kisichowaka ni "non-flammable". Hapa sina mjadala wa historia ya lugha na mtu.

Bi Prufu, nafundisha Kiingereza. Je, nipiganie tofauti ya "disinterested" na "uninterested", au nimechelewa?
Mwalimu

Mwalimu mwenzangu, pigana. Ila nikuambie kwanza kwa nini nina uchungu na neno hilo.

Nilipokuwa msoma prufu mchanga, tulipewa kitabu cha hotuba za kumuaga hakimu aliyekuwa anastaafu. Ukurasa mmoja ulimsifu kwamba kwa miaka yote alikuwa "a disinterested judge". Nikashtuka. Nikaona mwandishi amemtukana mzee wa watu, amesema kesi hazikumvutia. Bila kuuliza mtu, nikafuta herufi tatu za mwanzo. Kikachapwa: "an interested judge". Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

"Disinterested" maana yake ni asiye na maslahi yake binafsi katika jambo. "Interested", hasa mbele ya wanasheria, ni mwenye maslahi. Nilimkuta hakimu mwadilifu nikamwacha mla rushwa. Ukurasa ulichapwa upya na kubandikwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, na mbandikaji nilikuwa mimi.

Baadaye nilikuja kujua kitu ambacho kingenifariji siku ile. Katika karne ya 17 maneno haya mawili yalikuwa yamevaa nguo za mwenzake: "disinterested" lilitumika kwa mtu asiyevutiwa, na "uninterested" kwa asiyeegemea upande. Yakabadilishana. Kwa hiyo anayesema leo kwamba "disinterested" haijawahi kuwa na maana ya kutovutiwa, historia inamkana. Lakini historia haikumsaidia hakimu wangu. Tofauti hii inafanya kazi, na hakuna neno jingine moja lililo tayari kuirithi kwa wepesi. Wafundishe, na wasimulie kisa changu.

Ya "less" na "fewer", kwa kuwa umeyaulizia pia chini ya barua, yaani kanuni kwamba "fewer" ni ya vitu vinavyohesabika na "less" ya visivyohesabika: fundisha, lakini usikose usingizi. Anayetajwa kuanzisha kanuni ile ni Robert Baker, mwaka 1770, na aliitoa kama maoni yake ya kupenda. Watu walioandika Kiingereza karne nyingi kabla yake hawakuwa na habari nayo.

Mheshimiwa Bi Prufu, kwani hawa Waingereza hawana chombo cha kusimamia lugha yao? Wafaransa wanacho. Kwa nini waache kila mtu afanye atakavyo?
Mpenda Utaratibu

Wafaransa wanacho kweli, Akademia yao ilianzishwa 1635. Na kuna Mwingereza wa Ireland aliyewaonea wivu. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alichapisha pendekezo kwa kiongozi wa serikali, akitaka liundwe baraza la kurekebisha Kiingereza na kukifunga kisibadilike. Alikuwa na orodha yake ya karaha. Aliyachukia maneno yaliyokatwa mikia, kama "mob", yaani umati wenye fujo, lililofupishwa kutoka Kilatini "mobile vulgus". Baraza halikuundwa, na leo "mob" ni neno la heshima zake, hakuna anayelikumbuka baba yake.

Lakini utamu uko kwenye jina la pendekezo lenyewe. Swift aliandika kwamba anataka "Correcting, Improving and Ascertaining" lugha ya Kiingereza. Kwake "ascertain" ilikuwa kuimarisha, kulifanya jambo liwe thabiti lisiyumbe. Leo "ascertain" ni kuchunguza ili upate uhakika. Neno alilolichagua kuifungia lugha nalo lilichoropoka.

Akaja Samuel Johnson na kamusi yake ya 1755, maneno zaidi ya 42,000. Watu walitaraji iwe kufuli. Yeye mwenyewe anakiri katika dibaji kwamba alijidanganya kwa muda na tumaini hilo, kisha akaona kwamba kuzifunga silabi minyororo na kuuchapa upepo viboko ni kazi za kiburi. Alijua alichokisema. Alikuwa ameupiga upepo huo miaka minane au tisa.

Shikamoo Bi Prufu. Mimi yangu ni malalamiko. Hawa watu wamelichukua neno letu "safari" wakalifanya kwenda kutazama wanyama tu. Mtu akienda kumwona mama yake mgonjwa si safari? Tuwaandikie barua wenye kamusi zao walirekebishe.
Msafiri

Marahaba, Msafiri. Uchungu wako ni wa haki. Kiingereza kililichukua neno hilo katika karne ya 19, wakati wa misafara mirefu ya wapagazi. Likawa la wawindaji, halafu bunduki ikapishana na kamera, na likabaki na simba. Limepungua kama "meat" ilivyopungua.

Sisi nasi tulilipata kutoka Kiarabu, na hatukuacha risiti. Na kuna lile bango la Kiingereza la kumwamuru dereva ashike kushoto, "keep left". Tulilikuta barabarani, tukaliita kipilefti, tukakipa wingi, vipilefti, na maana tukaihamisha kutoka kwenye amri hadi kwenye mzunguko wenyewe wa barabara. Hakuna aliyemwomba ruhusa mwenye bango.

Iandike tu barua yako. Nitaisoma prufu bure. Wakijibu kuhusu kipilefti, majibu nitakuachia wewe.